Honi ya Baba Chini ya Bariyeri

Dada yangu aliolewa wakati wa vita, Bukavu ikiwa mikononi mwa wanajeshi waliochukua kila kitu chenye magurudumu. Zamani bibi arusi wa kwetu alisindikizwa na msururu wa magari yakipiga honi hadi kwa mumewe. Sasa watu waliolewa kwa miguu. Sisi bado tulikuwa na pikipiki ya marehemu baba, kongwe kunizidi mimi, imefichwa jikoni chini ya magunia ya makaa, na tuliamua kuihatarisha kwa siku hiyo moja.

Honi yake ilikuwa imekufa. Mama aliitaka ilie, na hakuitaka kwa ajili ya fahari. Kutoka kwetu Kadutu kwenda Bagira, kwa mume, ilibidi kupita bariyeri, kamba ya wanajeshi iliyofunga barabara chini ya mteremko, na tuliwajua wasichana walioshushwa pale. Desturi ya nyumbani kwetu ni kwamba mama hamsindikizi binti yake, anabaki. Akaniita mimi, mwanawe wa kwanza, niliyesimama mahali pa baba.

"Mukisha kupita bariyeri, piga klaksoni," akasema. "Nikiisikia, roho yangu itatulia."

Nikaahidi. Niliifungua ile honi mezani, nikakuta lile bati jembamba la ndani limeshika kutu. Nikalisugua kwa msasa, nikasafisha nyaya, nikakaza na kulegeza skrubu ya nyuma mpaka ikatoa sauti. Niliijaribu nimeifunika kwa blanketi, maana wanajeshi nao wana masikio. Ililia kwa mkoromo, kama baba akisafisha koo. Mama alicheka, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu.

Ningeishia hapo. Lakini mimi napenda kuonekana. Niliwaza wakwe watakavyoitazama ile kutu, nikatafuta rangi nyeusi, nikapaka kila chuma, hata kile kipande kinachoshika honi. Mama aliniambia niiache, hakuna atakayetazama pikipiki siku ya bibi arusi. Sikumsikiliza. Rangi ilipokauka nikarudisha honi mahali pake, na sikuijaribu tena.

Siku ya arusi, baada ya misa na chakula, dada alipanda nyuma yangu na shela yake ameikunja mapajani. Bariyerini walitusimamisha. Mmoja akaizunguka pikipiki, akaisifu rangi yake, nami nikajisikia nimekufa. Kisha mkubwa wao, sijui kwa nini, akainua kamba tukapita.

Kwenye kona nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena.

"Yaya, piga," dada akasema sikioni mwangu. Ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa.

"Ninapiga."

Watu walikuwa wamesimama milangoni wakingoja bibi arusi apite kwa kelele. Dada akajaza mashavu, akapiga honi kwa mdomo, piii, piii, mbele ya kadamnasi, na barabara nzima ikacheka. Yeye pia alicheka. Mimi uso uliniwaka. Bagira hadithi ilifika karibu pamoja nasi, na wajomba wa mume wakanipokea kwa piii. Wakaniketisha, wakanipa kasiksi, pombe yetu ya ndizi.

Nilikunywa. Nilijua mama anangoja, na bado nilikaa, kwa sababu niliona haya kurudi kumwambia kwamba kazi moja niliyopewa badala ya baba imenishinda. Niliwaza habari za honi, nikawaza aibu yangu. Upande wa mama sikuuwaza kabisa.

Jua lilipokaribia kuzama nikarudi kwa njia za nyuma, nikiisukuma pikipiki. Mama alikuwa amesimama penye ua, bado amevaa kitenge chake cha arusi, magoti yamejaa vumbi jekundu. Alitazama nyuma yangu, mahali dada alipokuwa amekaa.

"Mutoto iko wapi?"

Nikamwambia amefika salama, yuko kwa mumewe, anacheka.

"Nilizani wamemukamata. Nilizani wamewakamata wote mbili." Kisha akauliza, taratibu, "Na wewe ulikuwa wapi?"

Nikafungua mdomo nimweleze. Aliusikia mdomo wangu ukinuka kasiksi, akaingia ndani.

Nilichuchumaa mbele ya ile pikipiki. Honi ile ilipata umeme wake kwa kugusa chuma kitupu, na mimi chuma chote nilikuwa nimekipaka rangi isiyopitisha umeme. Nikakwangua kwa kisu cha jikoni, sehemu ndogo, upana wa ukucha. Nikabonyeza nione. Ikalia, bila blanketi, mlima mzima ukasikia.

Mama akatoka mlangoni. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Sasa ndiyo unapiga?" akasema.