Juzuu la Kabati la Saba

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, na kila nikiikumbuka najikasirikia upya.

Nilikuwa karani wa maktaba moja Temeke, kijana niliyemaliza kidato cha nne, najiona msomi. Vitabu visivyoulizwa sana tuliviweka chumba cha nyuma, katika makabati tisa yanayotembea juu ya reli. Yalibanana, njia ikawa moja tu. Ukizungusha usukani kufungua njia ya kabati hili, unaifunga ya lile. Na katika ile iliyokuwa wazi nilikwishaweka kiti, chupa ya chai na redio. Ndiyo ilikuwa sebule yangu!

Akaja bibi mmoja kutoka Kimbiji. Mnunuzi wa viwanja alidai kwamba makaburi ya wazee wa bibi huyo yamo ndani ya shamba alilonunua, na kesho yake baraza la kata lingeamua. Bibi alitaka Gazeti la Serikali la zamani lililotaja mipaka ya makaburi yale. Juzuu lake lilikuwa kabati la saba. Kulifikia, sharti nihamishe sebule.

"Halipo, bibi. Mchwa walishakula."

"Umetazama, baba?"

"Nayajua makabati yangu."

Shikamoo nilimpa, tena kwa kuinamisha kichwa. Adabu ya mdomo nilikuwa nayo. Ya miguu ndiyo iliyonishinda. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, wasemavyo, na mimi hata kiti sikutaka kukisogeza.

Wiki iliyofuata mkuu wangu, Bi Zainabu, aliamuru tufagie mle. Akazungusha usukani mwenyewe, akalikuta juzuu zima, halina hata tundu. Nikababaika, nikakiri nilivyomdanganya bibi.

"Kumbe mchwa wenyewe ndio wewe, Ramadhani! Nakili ukurasa huo, uupeleke Kimbiji leo hii."

Nilipofika, greda lilishapita juu ya makaburi. Bibi aliipokea karatasi kwa mikono miwili, akaisoma hadi mwisho, kisha akaniuliza kama nimekula. Heri angenitukana.

Leo naingia ofisi ya watu kuomba huduma, kijana hainui macho kwenye simu: "Mzee, mtandao hakuna." Natamani kumfokea, kisha najiona mimi mwenyewe pale.

Mwanangu, usiseme hakuna kabla hujainuka kutazama. Kitu kinachoulizwa mara moja kwa miaka kumi, anayekiuliza hana pengine pa kwenda. Mungu akupe miguu myepesi, na akujalie uzee usiokuwa na sura ya mtu uliyemrudisha mlangoni.