Shimo la Kuogelea Nyuma ya Madrasa

Jumapili iliyopita nilimpeleka binti yangu kwenye pisini mpya, bwawa la kuogelea, hapa Kasongo. Mlangoni wameandika: oga kwa sabuni kwanza, na mwenye kuharisha asiingie. Kumbe yeye alikuwa anaharisha tangu jana yake, akanificha. Nilijua alipokimbilia choo mara mbili kabla hatujaingia. "Mama, imeisha. Na nani atajua?" Ee rafiki yangu, nikashikwa na aibu, maana maneno hayo niliwahi kujiambia miye mwenyewe.

Pisini yetu sisi ilikuwa kijito nyuma ya madrasa. Wakati wa kiangazi tulikiziba kwa mawe na vigogo vya migomba mpaka maji yakatufika kifuani. Bibi aliyenilea hakuwa na mchezo: ujisugue kwanza pembeni, kwa kopo na sabuni nyeusi ya mawese, usimeze maji, kukojoa ni kichakani, tumbo likichafuka, ubaki nyumbani utwange sombe, majani ya muhogo. Sisi tulijiona wajanja. Tumetoka kutawadha, uchafu gani tena? "Umetawadha kwa ajili ya Mungu, vizuri," alisema. "Na wenzako je? Kamata sabuni!"

Siku moja tumbo likanichafuka, na siku ileile tulikuwa na mashindano ya kuzama. Mimi ndiye niliyekuwa bingwa. Nikaenda. Nilijiambia maji yanatembea, yatachukua kila kitu. Yanatembea wapi, na sisi wenyewe tumeyaziba? Nikiwa chini ya maji tumbo likaniponyoka. Nikanyamaza.

Baada ya siku mbili mdogo wangu, ambaye alikuwa hajui kufunga mdomo akizama, akaanza kuharisha na kutapika. Macho yalimwingia ndani. Bibi alimnywesha maji ya moto yaliyopoa, yenye sukari na chumvi, kijiko kwa kijiko, siku tatu. Nilitwanga sombe bila kuambiwa. Niliogopa atakufa, na niliogopa kusema.

Alipona, Mungu asifiwe. Bibi akachukua jembe, akabomoa mawe yetu yote. Lakini jirani yetu alitaka mwenye kosa. "Ni ule mutoto wa wachimbaji," alisema. "Wale watu iko wachafu." Alikuwa anamsema rafiki yangu tuliyeogelea naye, ambaye wazazi wake walikuja kutafuta dhahabu. Hakuna aliyejisugua kumshinda; povu lilimjaa mpaka masikioni. Watoto wakakataa kucheza naye. Alinitazama miye, nami nikatazama miguu yangu. Kabla ya mvua familia yao ikahamia Kabambare, na masufuria yao juu ya pikipiki.

Leo pale kwenye kijito watu wanalima mchicha. Bibi ametangulia. Yule rafiki sijamwona tena, na sijui nimtafute wapi.

Jumapili ile sikumruhusu binti yangu aingie; alilia njia nzima ya kurudi, akasema nina roho mbaya. Nilimwacha alie. Jirani yuleyule, sasa mzee, alikuwa mlangoni kwake. Kusikia habari ya pisini, akamkumbuka tena "ule mutoto muchafu."

"Si yeye, mama," nikamwambia. "Ni miye."

Akacheka sana. Alidhani ninamtania.