Joho la Handsuren Siku ya Kuhama

Mnyororo wa pikipiki ulikatika nikiwa nateremka katika bonde ambalo sikuwahi kufika, kwa hiyo nilipoingia kwa Namjil na mkewe Handsuren nilikuwa nasukuma. Kwa mbali nilidhani nimeangukia harusi. Kando ya zizi la mawe walisimama watu kwenye mstari, mikono wameitandaza, kimya kabisa. Nilipokaribia nikaona hawana vichwa. Yalikuwa majoho ya ngozi ya kondoo, kila moja limepitishwa ufito mikononi, na mbele yake mwanamke mfupi mwenye kitambaa cha kijani kichwani akiyachapa moja moja kwa kijiti.

"Shikeni mbwa," nikaita, kama ilivyo desturi.

"Mbwa amelala," alisema bila kugeuka. "Anajua mtu anayesukuma pikipiki hana nguvu za kuiba."

Ulikuwa mwezi wa tano, na Mongolia nzima ilikuwa inavua nguo za baridi. Nimeishi humo muda wa kutosha kuacha kuulizia sukari kwenye chai, kwa hiyo nilikunywa bakuli langu la chai ya chumvi, nikala kipande cha jibini kavu, nikatoka tena uani. Nimeona watu wakihifadhi nguo za ngozi katika miji mingi. Istanbul nilipanga chumba juu ya duka la mzee aliyening'iniza makoti yake kwenye mabega mapana ya mbao na kuyapaka mafuta kama anayempaka mtoto mchanga. Lakini sikuwahi kuona mtu anayeyagombeza.

"Wewe," Handsuren aliliambia joho moja kubwa, huku akilitandika mgongoni, "umembeba huyu mzee tangu theluji ya kwanza, na hukumzuia hata siku moja asikumwagie mchuzi."

"Nasikia," Namjil alisema kutoka ndani ya hema, alikokuwa anafunga vyombo.

"Nasema na joho."

Kesho kutwa yake walikuwa wanahamia malisho ya kiangazi, ng'ambo ya mto. Siku ilichaguliwa na lama, mtawa wa Kibuddha, na siku iliyochaguliwa haisogezwi. Nguo za baridi hazihami. Zinabaki katika kibanda cha magogo nyuma ya zizi, ambacho hakina kufuli, kwa sababu msafiri akishikwa na baridi ni lazima apate cha kujifunika. Ila kabla ya kuingia humo kila joho lilipita mikononi mwa Handsuren: lilichapwa likatoka vumbi, likapigwa upepo kivulini, likafukizwa kwa moshi wa samadi kavu na majani ya mreteni, kisha likakunjwa manyoya yakiwa ndani na kola ikiwa juu.

"Kwa nini kola juu?" niliuliza.

"Mtu ana mkubwa wake, joho lina kola yake," alisema. "Wewe ungependa kulala miezi yote umepindwa kichwa chini?"

Joho la mwisho hakulichapa. Alilichana kwa vidole. Lilikuwa la ngozi za wanakondoo, jepesi, ngozi yake nje imegeuka rangi ya asali kwa moshi wa miaka mingi, na ukingoni limezungushiwa ukanda wa mahameli mweusi.

"La mama," alisema. "Alilishona macho yake yameshaanza kufifia. Angalia mishono, kisha uniambie kipofu ni nani."

Mama yake aliacha majoho mawili. Moja alipewa dada yake Handsuren, akalifungia kwenye mfuko wa plastiki, akauziba vizuri kwa mapenzi yote. Vuli alipoufungua, manyoya yalitoka kwa mafumba. Ngozi inapumua, akasema Handsuren, na ukiinyima hewa inakufa. Hilo lililobaki alikuwa amemwahidi binti yake Tungalag, muuguzi katika mji wa mkoa, anayeolewa Mwezi Mweupe, mwaka mpya wao, baridi ikiwa kali kuliko zote. Angetoka nyumbani amelivaa.

"Likiharibika?"

"Mama hawezi kushona lingine," alisema, akalikunja, akatia majani makavu ya pakanga ya kufukuza wadudu kati ya mikunjo na kulilaza kwenye kasha la rangi ya machungwa ndani ya hema. Hilo angelipeleka kibandani mwenyewe, la mwisho kabisa. "Sasa mtu asiliguse mpaka theluji."

"Theluji ya kesho?" Namjil aliuliza.

"Theluji ya vuli, mzee. Usinichokoze."

Kulipokucha theluji ilikuwa inaanguka.

Si jambo la ajabu kule. Mwezi wa tano hauna adabu. Handsuren aliitazama mlangoni, akatema mate, akaniita tukapange majoho kibandani kabla hayajapata unyevu. Jirani yao Dorlig, mtu mrefu mwenye meno machache na maneno mengi, ambaye nilikuwa nimelala kwake nikisubiri mnyororo mwingine kutoka wilayani, alikuja kusaidia na akasaidia zaidi kwa mdomo. Tulikuwa bado humo tuliposikia Namjil anakimbia kutoka malishoni, anapumua kama mvukuto, anaingia hemani. Kondoo aliyechelewa kuliko wote alikuwa amezaa kwenye theluji.

Tulipofika, Namjil alikuwa amepiga magoti karibu na jiko. Kasha la rangi ya machungwa lilikuwa wazi. Katikati ya joho la mama mkwe wake, ndani ya manyoya, kichwa kidogo kilicholowa kilikuwa kinatikisika.

"Yuko hai," Namjil alisema kwa furaha. Kisha akamwona mkewe, na furaha ikapungua.

"Ana nusu saa duniani," Dorlig alisema, "na tayari amevaa wajomba zake wote."

Handsuren hakupaza sauti. Alimwinua mwanakondoo kwa mikono miwili, akamweka kifuani mwa mumewe, akalipeleka joho penye mwanga. Manyoya ya mgongo yalikuwa yamegandamana, yamelowa maji ya uzazi, na palikuwa na damu.

"Kwa nini hili?"

"Lilikuwa karibu."

"Mama angevua lake alilovaa mwilini."

"Langu umelificha."

"Nimelihifadhi."

"Basi ndiyo hivyo. Nilikuwa na shati." Namjil alimvuta mwanakondoo ndani ya shati hilo. "Ningemwacha afe, ungesemaje?"

Handsuren alifikiri. "Ningesema wewe ni mtu mbaya," alikubali. "Sasa nasema wewe ni mtu mzuri na mpumbavu. Leta pumba."

Ilikuwa kazi ya siku nzima. Kwanza alifuta manyoya kwa kitambaa kilichochovywa kwenye maji ya maziwa mgando yenye chumvi na kukamuliwa sana. Kisha pumba za shayiri zilizopashwa moto, ziminywe ndani kwa vidole, zikung'utwe, zirudiwe. Mimi niliruhusiwa kushika kola. Namjil, akitafuta msamaha, alilisogeza joho karibu na jiko.

"Jikoni?" Handsuren alilivuta. "Unataka lije kuvaliwa au kuliwa?"

Theluji ilikoma mchana na upepo ukaja. Tulilitundika kivulini mwa kibanda. Jioni lilionekana jipya, jeupe, kila unyoya umesimama peke yake, na Namjil akaanza kupiga mluzi. Handsuren alipenyeza vidole mpaka chini, manyoya yanapoota kwenye ngozi, akavitoa, akanishikisha shavuni. Vilikuwa baridi.

"Hapa ndipo pa kuoza panapoanzia," alisema. "Nikilikunja, siku ya harusi Tungalag atavaa upara. Nikilitundika hivi hivi, ngozi itakauka ngumu kama ubao na ipasuke. Inataka upepo wa siku nyingine nzima, na mtu wa kuikunja na kuikunjua inapokauka."

"Kesho tunahama," Namjil alisema kwa sauti ndogo.

"Najua kesho tunahama."

Bibi wa nyumba ndiye anayetangulia mbele ya msafara, juu ya farasi, amevaa nguo yake bora, ngamia wote nyuma yake. Handsuren akibaki, msafara unakwenda bila kichwa, na siku ya lama inapotea bure. Dorlig alijitolea kulikalia joho kama kuku.

"Dorlig, wewe kofia yako ililiwa na mbuzi ikiwa kichwani mwako," Handsuren alisema.

"Nilikuwa nimelala."

Nami nikajitolea. Nilikuwa nabaki bondeni hata hivyo, sina kazi. Handsuren alilitazama koti langu, ambalo zipu yake ilikuwa imefungwa kwa waya, akalitazama kwa muda.

"Asante sana, mdogo wangu," alisema kwa upole, na nikajua nimekataliwa.

Asubuhi hema liliteremshwa upesi kuliko chai inavyochemka, likabaki duara la majani ya manjano mahali palipokuwa nyumba. Ngamia walipigishwa magoti, wakapakiwa, wakalalamika. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa bibi wa nyumba, ambaye alikuwa amekwenda nyuma ya kibanda. Namjil alikuwa juu ya farasi, mwanakondoo amemfungia ndani ya koti lake, kichwa kimechomoza chini ya kidevu cha mzee kama kidevu cha pili. Ilikuwa amri: mwenye kosa ambebe mwenye sababu.

Kisha Handsuren akatokea.

Alikuwa amevaa kofia ya sikukuu na mshipi wa hariri ya manjano. Na alikuwa amelivaa joho la mama yake, amelipindua, ngozi ndani, manyoya nje. Kutoka shingoni mpaka magotini alikuwa mweupe, mnene, anatikisika kwa kila hatua.

Ngamia mmoja aligeuza shingo kumtazama.

"Namjil," Dorlig alisema polepole, "huyu kondoo wako umesahau kumkata manyoya."

"Njoo ukate," Handsuren alisema.

"Utatembea hivyo mpaka ng'ambo? Watu wa kule watakuonaje?"

"Wataona joho linakauka. Joto la mwili wangu litasukuma unyevu utoke, upepo utaupokea huku nje, na farasi atalitikisa siku nzima nisitumie mkono. Jioni nalifukiza. Litakaa nami kiangazi chote, mahali ambapo watu fulani hawafiki." Alimtazama mumewe. "Au una wazo bora?"

"Mimi sina mawazo," Namjil alisema. "Nimeyaacha."

Alikuwa amelivaa tangu alfajiri, akifungua kamba na kubeba nguzo nalo. Aliponipita alinyoosha bega. "Tia vidole." Nikatia mpaka kwenye ngozi. Begani palikuwa pakavu na vuguvugu. Mgongoni bado palikuwa na ubaridi, lakini mdogo.

"Mgongo uko upande wa upepo," alisema, akapanda farasi.

Msafara ulianza. Mwanakondoo, alipoona kitu kikubwa cheupe chenye manyoya kinamwacha na kutangulia, alilia kwa sauti yote aliyokuwa nayo.

"Mwambie mimi si mama yake," Handsuren alisema mbele.

"Mwambie mwenyewe," Namjil alijibu. "Wewe ndiye uliyevaa."

Hapo nikamwona anacheka, kwa sababu manyoya yote yalicheka naye.

Dorlig nami tulikaa kwenye ukuta wa zizi tukiwatazama wakiteremka kwenye mto, wakauvuka, wakapanda upande wa pili. Ngamia wakawa mafundo kwenye kamba, kisha nukta. Yeye tu ndiye aliyeonekana vizuri, mweupe mbele ya wote. Kwenye mgongo wa kilima aliinua mkono, akaukunja, akaunyoosha, akaukunja tena.

Dorlig alisimama akaanza kupunga.

"Yeye hatuagi," nikamwambia. "Analainisha mkono wa joho."

"Najua," alisema, na akaendelea kupunga.