Kofi la Mwisho kwenye Kitenge

Niliishia darasa la saba, na kusema mbele ya watu kulinishinda. Ndiyo maana katika duka la vitenge la Mikocheni nilipewa kazi ya kukunja, kule nyuma.

Mwenye duka, mama wa Kiarabu aliyelirithi kwa baba yake, alikuwa akitafuta mtu wa kaunta wa kuwasemesha wateja wa Kongo. Akaniambia kwamba akinisikia nikimhudumia hata mmoja kwa Kifaransa, nafasi ni yangu. Nikishindwa mpaka mfungo unaingia, atamleta mpwa wake.

Kawe nilikopanga, chumba cha pili alikaa fundi cherehani, dada wa Kinshasa. Nilimwomba anifundishe, akaniandikia vitenzi vya dukani: kupima, kukata, kulipa. Nikavigawa kama tulivyofanya darasa la kwanza, silabi moja kofi moja. Nous mesurons, tunapima: nu-me-zu-ron. Makofi manne. Ila kofi la nguvu nililipiga kwenye zu, ya pili kutoka mwisho, kama tunavyotamka Kiswahili.

"Unaniimbia taarabu," alisema. "Mkazo mwishoni, mdogo wangu. Mwishoni."

Jioni zote nilirudia, na mdomo ukarudi kwenye zu.

Kilichonisaidia ni kazi yenyewe. Kitenge ukishakikunja unakipiga kofi moja zito kilale. Siku moja nilikuwa nanong'ona huku nakunja, mkunjo kwa silabi, na kofi likaangukia ron. Nikakunja kingine: vous payez, unalipa: vu-pe-ye, kofi kwenye ye. Wiki nzima nilikunja hata vilivyokwisha kunjwa.

Zilibaki siku mbili mfungo uingie, alipokuja mfanyabiashara wa Kongo. Mama mwenye duka alinitazama. Nikatoka kule nyuma. Nikavuta kitenge alichokishika yule mteja, nikaanza kukunja, macho kwenye kitambaa.

"Nous mesurons?" nikauliza, kofi likatua.

Akacheka. "Pima tu, dada. Mie niko mutu wa Lubumbashi, Kiswahili najua."

Wenzangu nao wakacheka, nikatamani kurudi nyuma. Mama hakucheka. Alisubiri mteja aondoke.

"Yeye anajua Kiswahili, hayo ni yake," akasema. "Mie nimekusikia. Kesho ukae mbele."

Sasa niko kaunta. Kifaransa changu bado ni cha polepole, na nikitaka kukisema lazima kwanza nishike kitambaa.