Biskuti ya Angani

Dada yangu mkubwa alikuwa mhudumu wa ndege. Mtaani walimwita Mikanda, maana hata akisimama kuongea msibani hakukosekana mtu wa kunong'ona, "Tufunge mikanda?" Yeye alicheka. Mimi, mwaka ule wa ugonjwa, kicheko kiliniisha kabisa, na nitasema sababu bila kumung'unya maneno.

Mama yetu ana pafu moja linalofanya kazi na jingine la kusindikiza tu. Daktari alituambia ugonjwa ule ukiingia nyumbani tusijidanganye. Kwa hiyo Mikanda akirudi safari hakuingia ndani. Alilala stoo ya uani, kati ya magunia ya mkaa na baiskeli mbovu, akingoja vipimo viseme yuko salama. Mara nyingi kabla havijasema, kampuni ilishampigia simu aende tena. Miezi ikakatika hivyo. Mama upande huu wa dirisha la jikoni, mwanawe upande ule, wakiongea kupitia wavu wa mbu kama mfungwa na mgeni wake. Chuo chetu kilikuwa kimefungwa, basi kazi yangu ilikuwa kumpelekea sahani, kuiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa, na kurudi nyuma.

Na alikuwa akiwahudumia nani? Watu waliochoka kukaa kwenye nyumba zao nzuri, wakaona heri wakaote jua. Kampuni ilishusha nauli na kuuza hata viti vya katikati, ambavyo iliahidi kuviacha wazi. Sheria ilibaki moja: barakoa muda wote, isipokuwa unapokula au kunywa. Kwenye hiyo "isipokuwa" ndipo watu walipopata mlango.

Safari ninayoisema, alikuwepo bwana mmoja kiti cha njiani, kaptura ya maua, kofia ya ufukweni kichwani kana kwamba jua linawaka ndani ya ndege. Tangu ndege iache ardhi alishika biskuti moja. Kila Mikanda alipopita na kumwomba avae barakoa, aliinyanyua.

"Nakula, dada."

Akaing'ata kama panya anayeonja sabuni, akairudisha kwenye goti. Kisha akakohoa, na bibi aliyekaa naye akageuzia uso dirishani, kwa kuwa pa kukimbilia hapakuwepo. Waliokaa nyuma waliona, wakajifunza. Mpaka nusu ya safari safu tatu nzima zilikuwa zinakula, na hakuna aliyekuwa anashiba.

Alipokohoa tena, Mikanda alichukua kitambaa cha karatasi, akaichomoa ile biskuti vidoleni mwake na kuitia kwenye mfuko wa taka.

"Umeshakula, kaka. Sasa vaa."

"Unajua nimelipa mimi?"

"Umelipia kiti. Hewa ni ya wote."

Alivaa, lakini simu yake ilikuwa imeshamrekodi Mikanda.

Mikanda hajafungua hata begi pale stoo, msimamizi wake akapiga. Mteja amedhalilishwa. Mteja atapewa tiketi ya likizo bure, na Mikanda afike ofisini amwombe radhi uso kwa uso. Bibi aliyekoholewa safari nzima hakutajwa. Kwao mwenye haki ni yule anayepiga kelele, na anayenyamaza ni mzigo kama masanduku.

Nilisimama jikoni nikihutubia sufuria. Nilimwambia akatae, tuandike, tuwaanike. Mikanda alinijibu kupitia wavu kwamba hotuba hailiwi, na mimi mwenyewe nakula mshahara huo huo. Ilikuwa kweli.

Mama alikuwa ametulia kwenye kigoda chake.

"Ukikataa watakufukuza?"

"Watanifukuza, mama."

"Na wakikufukuza, utaingia ndani?"

Mikanda aliinama akakaa juu ya ile ndoo. Kisha akampigia msimamizi, sauti wazi tusikie wote. Alisema atakuja kuomba radhi kwa moyo mmoja, ila bwana yule naye avae barakoa wakiongea. Msimamizi akasema mteja hapangiwi masharti. Mikanda akasema basi na yeye asipangiwe kifo cha mama yake, akakata simu.

Walimfukuza kwa ujumbe mfupi, usio hata na salamu. Bwana Biskuti alipewa tiketi yake, na video aliyoirusha mtandaoni watu waliicheka wiki nzima, hata waliotaka kusafiri na kampuni ileile. Simsamehe, wala siwasamehe.

Vipimo vilipotoka safi, Mikanda alipita mlango wa jikoni kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Mama alinyoosha mikono. Dada yangu, ambaye hakurudi nyuma mbele ya bwana yule, alirudi nyuma hatua nzima, kiganja kikiwa kimeziba mdomo.

"Njoo hapa, wewe," mama akasema, akamvuta kwa ukosi wa blauzi.