Blauzi ya Nei Rotia

Kijitabu cha wageni cha kisiwa chetu cha Nonouti alikitunga Nei Rotia, yaani Bi Rotia, na kila aliyeandika kuuliza habari zetu alijibiwa na yeye. Ndege inatua siku gani, mtu atalala wapi, mgeni akae upande gani wa maneaba, yaani ukumbi wa kijiji. Pale halmashauri tulitumia meza moja, mimi wa vibali, yeye wa wageni, na kwa miaka ishirini nilimwona akianza kusoma kila barua kwa kutazama jina la mwandishi. Alikuwa akilitafuta jina moja tu, Maroieta.

Maroieta ni mwanawe. Rotia alimtoa kwa wifi yake, Kaaro, mtoto angali mchanga, kwa kuwa Kaaro hakujaliwa mtoto. Kwetu mtoto hupewa ndugu kwa moyo mweupe, na aliyetoa hadai wala hajitangazi, maana atamvunjia heshima aliyelea. Kisha Kaaro akahamia New Zealand na mtoto wake, na Rotia akabaki na meza.

Mwaka juzi jina likaja. Maroieta alitaka kututembelea wiki moja. Aliuliza kama ipo nyumba ya wageni, na kama maji yanachemshwa.

"Mwandikie kwamba wewe ndiye mama yake," nikamwambia.

"Nimwibie Kaaro? Kaniuliza habari za maji, shoga, nitamjibu habari za maji."

"Una moyo wa jiwe wewe."

"Ningekuwa nao ningelala usingizi."

Akajibu kurasa tatu, vyandarua, viatu vya kukanyagia matumbawe, kila kitu, akatia sahihi ya Afisa wa Wageni. Mimi ningeandika ukweli wote, na hata leo naona ningefanya vizuri.

Basi msichana akaja. Maneaba aliingia akiwa ameinama, akaketi upande wa wageni kama kijitabu kilivyomwagiza, na ng'ambo yake mkeka wa ukoo wake ulikuwa na nafasi tele. Wazee walipomwuliza atokako, alisema Auckland. Rotia alimpelekea samaki na magimbi tunayolima mashimoni asubuhi na jioni, akimwita "mgeni wetu". Mzee Ioakim hakunyamaza.

"Rotia, wageni wengine uliwapa karatasi. Huyu mbona unamnenepesha?"

"Karatasi zimekwisha, babu."

Watu wakacheka. Msichana alikuwa akimtazama Rotia, na mimi nilikuwa nikimtazama yeye, nikijiuliza anajua au hajui. Usoni mwake hamkuwa na jibu.

Siku ya kuondoka tulimsindikiza uwanjani. Aliaga watu wote, kisha akaja kusimama mbele ya Rotia, macho chini.

"Naomba blauzi yako."

"Ipi?"

"Hiyo uliyovaa."

Kwetu ombi la namna hiyo ni la ndugu kwa ndugu. Ndugu akikuomba kitu huwezi kumnyima, hata kama ndicho ulicho nacho mwilini, na mgeni hana haki ya kuomba hivyo. Kumbe Kaaro alimwambia, na tena alimfundisha namna ya kusema bila kumwaibisha mtu yeyote.

Rotia alijificha mgongoni kwangu, akavua blauzi aliyoishona wiki ileile, akajifunga kanga yangu kifuani. Vifungo nilimfungulia mimi. Msichana aliivaa juu ya fulana yake, ikampwaya mabegani, akapanda ndege nayo. Hakuna aliyetamka neno mama.

Njiani kurudi mimi ndiye niliyelia. Yeye alitembea mabega wazi, watoto wakimcheka.

"Lakini shoga," nikasema, "alipokuomba, na wewe ulipata haki ya kumwomba. Ungesema abaki, angekataa vipi?"

"Asingeweza kukataa."

"Sasa mbona hukusema?"

Alisimama. Ndege ilikuwa imeshavuka miamba, sauti yake ikisikika kwa mbali. Nilijua anavyomtaka mtoto yule. Miaka ishirini nimekaa naye meza moja.

"Angebaki," akasema. "Na mimi nisingejua kamwe kama alitaka."