Uani Ndiko Kwake

Mwanangu, nimekuona umempakata kijibwa, nikakumbuka asubuhi moja mjini Mahajanga. Hadi leo nikiiwaza, uso unaniwaka kwa aibu.

Nilikuwa bibi harusi, nimetoka kwetu Ambanoro, kisiwani Nosy Be, nikaolewa huko Mahajanga, mtaa wa Tanambao. Bendera ya uhuru ilikuwa mpya, nami mpya, tena najifanya najua kila kitu! Kaka yangu akaniletea kijibwa wa kahawia, masikio makubwa kuliko kichwa. Nilimpenda papo hapo. Mama mkwe, Mngazija asiyekosa swala, alimkubali kwa sharti moja: akae uani, asikanyage mkeka wa kuswalia.

Basi nikajitia usafi. Nikafagia ndani mpaka sakafu ikang'aa, na kila kilichoniudhi nikakitupa uani: miiba ya samaki, vigae, mishipi ya mume wangu ya kuvulia, ndoana zikiwa na chambo bado. Nikajisifu kwamba nyumba iko tayari. Ndiyo, tayari kwangu mimi, si kwa kijibwa.

Kesho yake nikasikia kilio. Kijibwa alikuwa ameng'ata chambo, ndoana imemkwama shavuni, anatapatapa. Nikashika kichwa nikalia naye. Mama mkwe, aliyekuwa ndiyo kwanza ametawadha, akapiga magoti mchangani, akampanua mdomo, akaichomoa pole pole kwa vidole vyake. Mate na damu vikamchuruzika hadi kiwikoni.

"Mama, najisi hiyo!" nikasema.

"Nitaosha mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa," akanijibu kwa Kingazija. "Lakini wewe, binti yangu, umempa uani pawe kwake, kisha ukamjazia taka zako?"

Tuliinama pamoja tukiokota mpaka adhuhuri. Kijibwa alipona, akatulindia nyumba miaka mingi, na aliyemwekea maji kila siku alikuwa mama mkwe. Nilimpenda sana mama yule.

Kwa hiyo, mwanangu, kabla hujamshusha huyo wako, inama wewe kwanza, utazame uani kwa kimo chake. Ondoa ndoana, miiba na sumu ya panya, funika kisima, ziba matundu ya ua. Pale ulipompa akae, patengeneze kama chumba chako mwenyewe. Mungu akujalie mikono kama ya mama yule, isiyoogopa kuchafuka kwa ajili ya kiumbe aliyekuamini. Amina.